Siku Nilipokula Mbuzi ya Mama Mukwe

Mwaka wa 1943, nikiwa na miaka kumi na moja, njo taabu yangu ilianza, maana baba alikufa mu kazi ya kupasua barabara na mimi nikaacha masomo nikiwa bado najifunza kuandika jina langu, kwa hiyo kama munaona herufi zangu zimeinama sawa mahindi kisha mvua ya mawe, musinicheke, nyingi nilijifunza peke yangu. Hiyo taabu sina haya nayo. Nilichuma kahawa ya muzungu karibu na Kirotshe, nililala chini, nilikula muhogo bila chumvi, na hakuna muntu aliyenipa kitu bure, ila mara moja tu. Haya yangu iko pahali pengine. Haya yangu iko mu mbuzi. Watoto wangu wanaijua hiyo habari, wajukuu wanaicheza kama mchezo (mumoja anakuwa mimi, mwingine anakuwa mbuzi, na yule wa mbuzi njo anashangiliwa), hata mukatekista alinitania juzi kwa mulango wa kanisa, basi nimeona heri niiandike mwenyewe, sababu kila muntu anaongeza yake na sasa kuko wanaosema nilikula mbuzi mbili. Ilikuwa moja. Na sikuimaliza peke yangu, mutaona.

Mujue kwanza kama mimi nilikuwa muntu ya mbuzi. Kule kwa kahawa, kapita mumoja, musimamizi wa wachumaji, alinipa kitoto cha mbuzi kilichokataliwa na mama yake, akisema hakitafika Jumapili. Kilifika Jumapili nyingi. Nilikilea na maji ya muhogo, kikazaa, watoto wake wakazaa, na nilipofika kijana wa kuoa nilikuwa narudi kwetu Kingi, mu Masisi, na kundi ambalo hata wazee walikuwa wanasimama njiani kuliangalia. Nilinunua viatu. Nilinunua koti nyeusi kwa muhindi wa Goma. Nilikuwa najisikia, nasema ukweli, nilikuwa najisikia sana.

Bibi niliyemutaka alikuwa Vumilia, mutoto wa muwindaji mumoja wa upande wa Walikale, pale vilima vya kwetu vinaisha na pori inaanza. Baba yake alikuwa analeta nyama ya kukausha kwa soko ya Nyabiondo na yeye anabeba kitunga nyuma yake, na siku moja aliniambia mbuzi zangu ziko na akili kuliko mwenyewe, basi nikajua ni yeye. Mali ya kuoa tulikubaliana, baba yake akapokea yake bila maneno mengi. Ilibakia mbuzi ya mama.

Hiyo mbuzi ya mama, wale wasioijua waelewe vizuri, siyo mbuzi ya kula. Ni ya kumushukuru mama aliyebeba mutoto tumboni. Ni lazima iwe jike, bado haijazaa, mama mwenyewe aichague, na ifike kwake na miguu yake, ilie kwa mulango wake, njo anatoka na kuikamata kamba. Kabla haijalia pale, hakuna bibi. Na mama mukwe wangu hakuwa mwanamuke wa kuchagua haraka! Alikuja Kingi, akapita katikati ya kundi langu kutoka asubuhi, akashika mgongo, akafungua midomo, akakataa zile nilizokuwa nazisifu, na mwisho akaonyesha kidole ile moja nilikuwa naificha nyuma, yenye madoa meupe na sikio la kushoto lililopasuka, ile niliyoipenda kuliko zote. Akasema, mgongo ukiwa umenigeukia (maana mama mukwe na mukwe hawaangaliane uso na hawasemeshane, kila neno linapita kwa muntu mwingine, hata kama muko karibu sawa meno na ulimi), akasema, «Muambieni, hii.» Basi.

Tena kulikuwa na karani mumoja wa kule Walikale, mwenye baskeli na mafuta ya nywele, alikuwa anapita kwao kila mara kuomba maji ya kunywa. Muntu wa kiu ya namna ile sijapata kuona. Baba ya Vumilia alitutumia neno: kama mbuzi haifike kabla ya mvua kuanza, yeye hatafunga mulango kwa wengine. Kwa hiyo munaelewa nilikuwa nimebeba nini kwa ile kamba.

Tuliondoka Kingi mimi na baba mudogo wangu, ndugu ya marehemu baba, yeye njo alikuwa wa kusema maneno yangu yote kule. Muzee mukavu, miguu mirefu, hapendi kusimama. Tulilala Nyabiondo. Asubuhi tukashika njia, na akaniambia, «Leo hatusimame pahali. Tunafika, mbuzi inalia, tunakunywa maji, tunamaliza.»

Nikamuambia ndiyo, Papa. Na nilikuwa nadanganya.

Sababu nilikuwa na ugonjwa wangu. Wengine wanapenda wanawake, wengine karata, mimi nilikuwa napenda kabare za njiani. Siyo zile za mji zenye meza na taa, hapana, zile za majani na matope, zenye nyama juu ya moto wa kuni na pombe ya ndizi mu kibuyu, muzee mumoja na likembe ya kupiga na vidole gumba, ao kijana na gita ya nyuzi tatu, hakuna kibao, hakuna jina, unaijua kwa moshi ao kwa shoferi aliyekuambia. Kutoka Sake mupaka Nyabiondo nilikuwa nazijua zote, nani anaweka pilipili mapema, nani anaongeza maji mu kasiksi, njo ile pombe ya ndizi, nani anachoma mbuzi muzee na kusema ni kijana. Watu walikuwa wananiuliza! Ukitaka kula vizuri njiani, uliza yule wa Kingi.

Ila moja ilikuwa imenikimbia. Mashoferi wa kamyo za Walikale walikuwa wananiambia kuko kabare ya Simoni, mbele ya Kashebere, ndani kidogo ya pori, nyama yake inachomwa juu ya muti fulani wa pori unaotoa moshi mutamu, inaachana na mfupa bila kuivuta, tena kuko gramafoni ya kuzungusha na mukono, na wakati gramafoni inachoka kuko muzee wa akordeoni. Mara mbili niliitafuta, mara mbili nikaikosa. Mashoferi walinicheka. «Wewe muntu wa kabare, ya Simoni haujui?» Hiyo maneno ilikaa mu roho yangu sawa mwiba, na siku ile, na mbuzi ya mama mukwe kwa kamba, nikasema kwa moyo wangu, leo naipata.

Jua lilikuwa limepanda vizuri tulipopita Kashebere, nikaona moshi nyuma ya miti. Nikamuambia baba mudogo mbuzi iko na kiu. Tukafuata moshi, kumbe ni muntu anachoma makala ya kupikia, mweusi mupaka kope. Nikaona moshi mwingine. Tukaufuata, kumbe mama wawili wanapika mafuta ya ngazi, yale mekundu ya michikichi, wakatuuliza kama tumepotea, baba mudogo akajibu, «Mimi hapana. Huyu, tangu azaliwe.» Tukapita mu matope mupaka viatu vyangu vikaanza kulia. Alipoanza kunitukana kabisa, upepo ukageuka na nikaisikia: mafuta ya mbuzi yanaanguka mu moto. Na nyuma yake akordeoni. Nilitaka kulia na mimi.

Baba mudogo alikataa kuingia na matope, akaenda kwa kijito kunawa miguu. (Muzee yule akinawa, ananawa, unaweza kupika maharage na yaive.) Mimi nikatangulia na mbuzi. Kabare ilikuwa nzuri kuliko nilivyoambiwa: majani meusi ya moshi, viti vya magogo, watu wamejaa, na pembeni ya moto nguzo moja ya muti mugumu, laini, inang'aa kwa kushikwa. Kwetu Masisi nguzo kwa kabare ni ya kufungia munyama wako apumuzike wakati unakunywa. Nikafunga. Simoni, muntu munene na kifua wazi, aliniangalia, akaangalia mbuzi, akainamisha kichwa kwa heshima. Na mimi nikainamisha changu. Hakuna neno lililosemwa. Hakuna! Mupaka leo hiyo njo inaniuma.

Nilipoingia watu wakasimama. Wengine walipiga mikono. «Karibu Patro! Karibu mwenye mbuzi!» Patro, mimi, sawa muzungu mwenye shamba! Mukinipa nafasi ya kukaa, mimi nakaa, wakanipa kiti cha mbele kabisa, wakaniletea kibuyu na mulija mupya, na nilipotaka kulipa yule mama wa pombe akakataa na mikono miwili. Sasa mimi nilifikiri nini? Nilifikiri ni viatu. Nilifikiri ni koti. Nilifikiri, lo, jina langu limefika mupaka huku pori. Nikakunywa.

Nyuma yangu nilisikia mbuzi inalia mara moja. Nikasema, inamuita baba mudogo.

Kulikuwa muzee mumoja karibu yangu, kofia ya ngozi ya nyani, macho madogo, anacheka na bega. Tukasemeshana. Akaniambia hakuja kukunywa, ametumwa tu kungojea wageni kwa njia, ila njia iko na jua. «Nangojea mukwe wa dada yangu,» anasema, «kijana mumoja wa Masisi. Wanasema ni muntu wa mbuzi sana. Naona mbuzi zake zinatembea na magoti, maana hafike.»

Ndugu zangu, nilijua palepale ni mujomba ya Vumilia. Nilitakiwa kusimama na kumusalimia. Lakini majivuno! Nikasema kwa moyo wangu, ngoja, nimulishe kwanza, ashibe, kisha nimuambie aliyekushibisha ni mukwe wako, na ataisimulia kwao, na yule karani atabakia na kiu yake. Nikanyamaza. Nikamumiminia.

Nyama ikaja. Simoni mwenyewe aliileta juu ya jani la ndizi, akaweka mbele yangu maini na figo kwanza, kabla ya watu wote, na mimi nikaona hiyo pia ni sawa. Nikakula. Sitadanganya hata kwa aibu: sijapata kukula kitu sawa kile tangu nizaliwe. Ilikuwa laini, ilikuwa na mafuta pahali panapotakiwa, moshi mutamu, chumvi kidogo tu. Nikasimama. (Hakuna aliyeniomba nisimame.) Nikasema na sauti ya kanisa, «Ndugu zangu, mimi najua mbuzi. Mbuzi hii ililelewa na muntu mwenye akili!» Wakapiga kelele, wakacheka, wakanipiga mgongoni. Muzee wa akordeoni akanipigia mimi peke yangu. Nikaita wote, kuleni, kuleni, na mapaja yalipofika nikachukua moja na mukono wangu, nikamupa mujomba. Akalishika na mikono miwili, akaniita mutoto wake, na akalimaliza mupaka mfupa ukawa mweupe.

Njo baba mudogo akaingia, miguu safi.

«Mbuzi iko wapi?»

«Nyuma, kwa nguzo.»

«Kwa nguzo kuko kamba.»

Nilicheka kwanza. Nikatoka nje na mulija bado mukononi. Kweli, kamba. Na pembeni, juu ya moto, Simoni alikuwa anachoma manyoya ya kichwa, anakigeuza polepole na kijiti, na kikageuka upande wangu. Sikio la kushoto lilikuwa limepasuka.

«Nani alikutuma kuchinja?» Sauti yangu ilitoka nyembamba sawa ya mutoto.

Simoni akashangaa. «Wewe, Patro.»

«Mimi? Nilikuambia nini?»

«Haukusema kitu. Ulifunga.»

«Nilifunga apumuzike!»

Akaangalia nguzo, akaniangalia. Akaweka kijiti chini. «Kwa nguzo ya kuchinjia? Eh, Papa. Wewe ukienda kulala juu ya meza ya daktari, na kisu kiko tayari, atakuuliza kama unapumuzika?»

Njo nilielewa, na kila muntu alikuwa ananielewesha kwa wakati mumoja. Huko kwao, muntu mwenye sherehe anafunga mbuzi kwa ile nguzo na hasemi kitu, mwenye kabare anachinja na hasemi kitu, kichwa na matumbo na ngozi zinabakia kwake kama malipo, pombe ya mwenye mbuzi hailipwe, na nyama ni ya wote atakaowaita. Kumuuliza muntu «nichinje?» ni sawa kumuambia «wewe muchoyo, umebadilisha mawazo?» Kila muntu kutoka Kashebere mupaka Walikale anajua. Na mimi niliyejua kabare zote, sikujua! Na niliwaita wote, kuleni!

Baba mudogo hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikaa chini juu ya gogo na kusema, «Amekula mama mukwe yake.» Neno hilo lilipita mu kabare yote, wakalirudilia mumoja mumoja, na kicheko kikaanza nyuma na kuja mbele sawa mvua inakuja juu ya mabati. Mumoja tu hakucheka. Mujomba alikuwa bado na mfupa mukononi. Aliuangalia. Akaniangalia.

«Wewe njo kijana wa Masisi?»

«Njo mimi, Papa.»

«Na hii,» anasema, «ilikuwa ya dada yangu?»

Akaweka mfupa chini ya kiti, pole pole, sawa muntu anaweka yai.

Hapo ningerudi Kingi, ningesema ukweli, ningeomba siku zingine. Hapana. Mvua ilikuwa karibu na karani alikuwa na kiu. Kulikuwa muntu mumoja na mbuzi yake kwa njia, nikamupa viatu, akakataa, nikaongeza koti, akakubali. Mbuzi yake ilikuwa na madoa. Sikio nilipasua mimi mwenyewe na kisu cha Simoni (anisamehe hiyo mbuzi). Shida ilibakia moja tu: ilikuwa dume. Hakukuwa na ingine. Nikasema, jua linashuka, yeye anageuza mgongo, hataangalia chini. Baba mudogo akasema, «Ongeza upumbavu, bado uko na nafasi.» Mujomba alitembea mbele yetu, akifuta midomo na jani, akalitupa, akachuma lingine.

Tulifika kwao kabla ya jua kuzama, mimi miguu chini, shati imejaa mafuta. Familia yote ilikuwa nje, na Vumilia nilisikia sauti yake mu jiko. Baba yake akatusalimia. Mbuzi ikapelekwa kwa mulango wa mama. Unafikiri ililia? Ilinyamaza. Niliivuta mukia, ikanyamaza. Kisha mbuzi jike za kwao zikapita zikitoka malishoni, na ile yangu ikainua mudomo wa juu, ikatoa sauti ile ambayo kila mutoto wa kijiji anaijua, ikakata kamba, na ikapanda moja yao mbele ya ukoo muzima.

Mama mukwe alikuwa ametoka, mgongo kwetu. Hakugeuka. Akasema kwa baba mudogo, «Muulize huyo, mbuzi yangu ilibadilika namna gani njiani.»

Baba mudogo akanigeukia. «Anauliza mbuzi yake ilibadilika namna gani njiani.» Sawa vile sikusikia! Nilikuwa pale!

Nilifungua mudomo, na upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwake. Akanusa. «Muulize anatoka wapi na harufu ya kwa Simoni.» Akanusa tena, akageuza kichwa kidogo, siyo kwangu, kwa ndugu yake. «Na huyu naye.»

Mujomba njo alivunjika wa kwanza. Alisema yote, nguzo, maini, hotuba yangu, paja, mupaka kusema lilikuwa paja la kushoto. Baba ya Vumilia akashika kichwa. Watoto wakakimbia kupeleka habari kwa majirani. Mimi nilikuwa naangalia miguu yangu, na nilijua imekwisha, kahawa ya muzungu, maji ya muhogo, miaka yote ile, yote nimeikula na chumvi.

Kisha mu jiko Vumilia akacheka. Siyo kicheko cha kuficha, kile cha kuangusha kijiko. Akasema na sauti ya kusikiwa, «Mama, muulize basi kama ilikuwa tamu.»

Mama mukwe alikaza kitenge chake kiunoni. «Muulize,» akasema, «ilikuwa tamu?»

«Anauliza ilikuwa tamu?»

Nikasema, «Muambie ilikuwa tamu kuliko zote nilizokula.»

«Anasema ilikuwa tamu kuliko zote alizokula.»

Na mgongo ule ukatikisika kidogo, bega la kushoto. «Basi,» anasema, «nilichagua vizuri.»

Hakunisamehe, musifikiri. Alisema nirudi Kingi, atakuja tena kuchagua, mimi na ndugu yake tutaileta pamoja kwa kamba moja na hatutasimama hata kukojoa, na tangu siku ile kila mwaka mu kundi langu kutakuwa mbuzi moja ya kwake, isiyouzwa na isiyochinjwa. Na karani, mulango umefungwa, maana muntu anayecheka namna ile mu jiko amekwisha kuchagua. Ile ya pili aliyochagua ililia kwa mulango mupaka tukaiomba inyamaze.

Niliapa, na naandika hapa ili mushuhudie: sifunge munyama kwa nguzo ya muntu kabla ya kuuliza, hata kama ataniita muchoyo, muoga, na mujinga. Muulize! Mudomo ni wa nini?

Leo niko na nyumba ya mabati Nyabiondo. Niko na shamba la maharage na la muhogo. Niko na ng'ombe wawili. Niko na kabare yangu kwa njia, moto, viti vya magogo, na nguzo hakuna. Niko na bibi yangu Vumilia, anauza kasiksi na anasimulia wageni hii habari bila kuombwa. Niko na mbuzi kumi na moja za kwangu. Na iko moja jike ya madoa, sikio la kushoto limepasuliwa kama alama, ya mama mukwe. Yeye alishakufa. Mbuzi iko.